Rudisha Arubuni ya Watu, Mjomba

Muga kwa walioko Kangeta, wĩmwega kwa walioko Siakago, na salamu kwa yeyote ambaye Mjomba atamsomea barua hii kwa sauti ya juu pale stendi ya Probox.

Mjomba, ujumbe wako wa sauti nimeupata, pamoja na ile mingine uliyoongeza usiku huohuo ukidhani nimelala. Nimeelewa kwamba picha niliyomtumia Mama, nikiwa nimeshika kitambaa kando ya Porsche, ilitoka kwake ikafika kwako, ikapanda hadi Kangeta kwa Shangazi, na ilipowasili huko gari lilikuwa tayari ni langu, nalo liko melini. Nimeelewa pia kwamba uliivuta picha hadi ukasoma kibandiko cha dirishani. Dola 222,000. Ukazigeuza shilingi ukapata milioni 28 na zaidi, ukazunguka intaneti ukakuta gari la aina hiyohiyo likiuzwa na mabroka kwa bei ya juu kuliko hiyo, na hapo damu yako ya biashara ikachemka. Tununue kwa bei iliyoandikwa, tuuze kwa bei ya soko, faida tugawane. Hesabu yako siipingi. Ninachopinga ni ile arubuni uliyokwisha kupokea kwa yule mwenye hoteli wa Makutano ya Meru, ambaye Shangazi ananiambia ameanza kujenga gereji.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yangu. Mimi siuzi magari, naosha. Yadi yetu iko pembeni mwa Dallas. Mbele ni vioo vitupu na sakafu ambayo Nyanya angevua viatu kabla ya kuikanyaga; mimi niko nyuma, kwenye maji. Gari jipya likishushwa kutoka kwenye lori, ni mimi wa kulibandua plastiki, kuliosha, kulikausha kwa hewa maana kitambaa kibaya hukwaruza rangi, kisha kulipeleka mbele polepole huku meneja akinikodolea macho. Kwa hiyo aliyeeneza habari kwamba mimi huendesha Porsche hakudanganya. Ni umbali wa uwanja wa shule tu, na sijawahi kuvuka gia ya kwanza.

Kibandiko ulichosoma huku wanakiita Monroney, kwa jina la Mike Monroney, seneta wa Oklahoma aliyepigania sheria ya mwaka 1958 inayolazimisha kila gari jipya liwekwe bei dirishani. Sasa isome sheria vizuri, Mjomba, maana wewe ni mtu wa kesi. Inalazimisha bei iandikwe. Hailazimishi mtu yeyote auze kwa bei hiyo. Kiwanda kinapendekeza, mwenye yadi anaamua. Gari likiwa linatafutwa sana, mwenye yadi hubandika karatasi yake ya pili kando ya ile ya kwanza, yenye maneno ya heshima kuhusu hali ya soko, na chini ya maneno hayo dola elfu kumi, elfu hamsini, kadiri Mungu atakavyomjalia. Na usiniambie tukanunue kiwandani. Sheria za Texas hazimruhusu mtengenezaji kumiliki yadi ya kuuzia magari yake mapya. Tesla walihamishia makao yao makuu Austin mwaka 2021, wanaunda magari humuhumu Texas, lakini hawaruhusiwi kumfungulia jirani yao wa Austin duka la kumuuzia. Anayelitaka hununua kwa intaneti, na kwenye karatasi gari lake huhesabiwa kuwa limeuzwa nje ya jimbo.

Sheria za hapahapa zinaagiza pia kila yadi ya magari ifungwe siku moja kati ya Jumamosi na Jumapili. Yetu hufungwa Jumapili. Hiyo nimemwandikia Mama, ambaye kila akipiga simu huuliza kama naenda kanisani.

Uliuliza kama gari hilo linaweza kutoka Siakago likafika Ishiara mvua ikinyesha. Hapo umegusa kidonda, maana katika magari yote ya spoti niliyowahi kuosha, hili ndilo la kwanza nililoona linatufaa. Linaitwa 911 Dakar. Lilizinduliwa Los Angeles mnamo Novemba 2022, na kiwanda kikatangaza kwamba yataundwa 2,500 tu kwa dunia nzima. Lina nguvu za farasi 480, matairi ya matope, na ukibonyeza kitufe linajiinua hadi tumbo lake linakuwa milimita 191 kutoka ardhini. Viti vya nyuma havipo, kwa hiyo magunia yako mawili ya muguka yataingia bila kugombana na abiria. Kwa sababu ya matairi hayo mwendo wake umewekewa kikomo cha kilomita 240 kwa saa, jambo ambalo madereva wako wataliona ni dharau. Siendelei na utani huo. Sisi tuliokulia barabara ya Embu kwenda Meru tunalijua daraja la Nithi na ajali zake.

Lakini kuna kitu kilinichekesha hadi meneja akaja kuona kama nimeteleza. Kwa malipo ya ziada, kiwanda kiliwauzia wateja mapambo ya kubandika mwilini mwa gari, ya kukumbuka Porsche zilizokimbia Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, 1974 na 1978. Sasa wewe na Baba mnaokumbuka mambo ya redio, niambieni: mwaka 1974 nani alishinda? Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, kwa Mitsubishi Lancer. Porsche ya Björn Waldegård ikawa ya pili. Mwaka 1978 ushindi ukaenda kwa Peugeot 504, na Porsche ya Vic Preston Mdogo ikawa ya pili tena. Yaani tajiri wa Texas anaongeza pesa juu ya pesa ili atembee na ukumbusho wa siku ambayo Mkenya aliwatimulia vumbi, na hakuna mtu wa kumwambia. Mimi nilinyamaza pia. Nina kodi ya nyumba.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, kwamba mbona gari la kwenye picha halikuwa na karatasi ya pili. Halikuwa nayo kwa sababu kweli liliuzwa kwa bei ya Monroney, bila senti ya nyongeza. Tulia, usishangilie. Yadi haiagizi magari haya inavyotaka, hugawiwa, na mgao wetu ulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Waliolitaka walikuwa wengi. Daktari wa moyo alikuja na hundi ya bei yote. Mwenye visima vya mafuta alituma keki, ambayo sisi wa nyuma tuliila kwa moyo mkunjufu. Meneja aliwapokea wote kwa tabasamu, akawapa maji baridi, kisha akafungua kompyuta akauliza jambo moja: umewahi kununua nini hapa kwetu? Pesa zao hazikuwa na tatizo. Ukurasa wao ndio ulikuwa mweupe.

Aliyepewa ni mzee mmoja mpole, mstaafu. Alikuwa amenunua kwetu Cayenne ya mkewe, Macan ya bintiye, na Taycan ya umeme ambayo alipoirudisha kuiuza alitajiwa bei ya kumtoa mtu machozi, naye akaipokea bila kubisha. Hakuwahi kujadiliana. Alinunua hata kofia na miavuli ya duka. Siku alipokabidhiwa Dakar yake kwa bei iliyoandikwa, alinishika mkono, mimi muoshaji, akaniambia kwamba leo amepata gari kwa nafuu. Nikampongeza, lakini kichwani nilikuwa najumlisha.

Wala si yadi yetu tu. Mwaka 2016 ilitoka 911 R, magari 991, bei ya Marekani dola 184,900. Waliopewa nafasi ya kwanza ni wale waliokuwa na 918 Spyder, gari lililoanzia dola 845,000. Ndiyo kusema bei ya kibandiko ilikuwa halali ya yeyote aliyekwisha kulipa zaidi ya mara nne ya bei hiyo kwa gari lingine. Wasiokuwa na historia hiyo walinunua baadaye kwa mabroka, na mabroka hawana Monroney.

Kabla hujawacheka Wazungu, muulize Shangazi anavyouza mbaine, miraa ya miti iliyopandwa na babu wa babu zake. Mvua ikinyesha, miraa hujaa sokoni na bei ikaanguka. Kiangazi kikifika, kila mtu anamjua Shangazi kwa jina. Ni nani hupewa mbaine ya kiangazi kwa bei ya kistaarabu? Ni yule aliyebeba mabunda ya msimu wa mvua ilhali hakuwa na pa kuyapeleka. Ni yule aliyeendelea kupanda Kangeta hata baada ya Uingereza kupiga marufuku miraa mwaka 2014. Mgeni anayeshuka Maua na pesa taslimu mfukoni huambiwa imeisha, na iko palepale nyuma ya nyumba, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Nawe vilevile. Mei 2024, Mombasa ilipoipiga marufuku muguka, kabla Mahakama Kuu ya Embu haijasimamisha amri hiyo, uliapa kwamba hutasahau ni wateja gani walioendelea kukupigia simu. Meneja wangu ni ninyi, ila yeye ana tai.

Tena hata tungelipata kwa bei hiyo, ule mpango wako wa kuliuza kabla halijapoa ungetufikisha pabaya. Mwaka 2016 Ford walipotaka kuuza Ford GT, watu zaidi ya 6,500 walijaza fomu kwa nafasi 500. Fomu ya kuomba kuuziwa, Mjomba! Aliyekubaliwa alitia sahihi kwamba hataliuza kwa miezi 24. Mmoja wa waliokubaliwa ni John Cena, ndiyo, yuleyule wa mieleka ambaye binamu zangu walivunja kitanda cha Nyanya wakimwiga. Alilipa zaidi ya dola 460,000, akakabidhiwa gari Septemba 2017, na wiki chache baadaye akawa ameliuza. Kabla mwaka haujaisha Ford wakampeleka mahakamani. Mwaka 2018 wakapatana, na pesa za mapatano zikaenda kwa shughuli za hisani. Ikiwa John Cena mwenyewe alionekana, wewe utajificha wapi?

Nisiwaseme wote vibaya. Dodge mwaka 2017 walipotoa Demon, magari 3,300 kwa Marekani na Canada, waliziambia yadi kwamba gari lililouzwa kwa bei iliyoandikwa, au chini yake, ndilo litakaloundwa kwanza, na lenye nyongeza lingoje foleni. Hilo naliheshimu. Lililonishinda ni viti. Demon ilitoka na kiti kimoja, cha dereva. Kiti cha abiria wa mbele kiliongezwa kwa dola moja, na cha nyuma kwa dola nyingine moja. Toyota nao walipoleta huku GR Corolla ya Morizo, 200 tu, waling'oa kiti cha nyuma kabisa. Corolla! Mtaeleza wenyewe hapo stendi, ambapo Probox haiondoki hadi dereva akalie nusu ya kiti chake, kwamba kuna nchi watu huongeza pesa ili wasiwe na pa kumkalisha mama mkwe.

Na hata miujiza ikitendeka, usukani wa lile la kwenye picha uko kushoto, na Kenya haiandikishi gari la kibinafsi la usukani wa kushoto. Najua utaniambia kuna fundi wa Kirinyaga Road anayehamisha usukani kwa siku mbili. Mjomba, nakuomba usimpigie. Usimtumie picha pia. Ushuru sijautaja kwa sababu ya presha yako.

Mwenye hoteli arudishiwe pesa zake zote, pamoja na zile ulizonunulia matairi. Mwisho wa mwezi nitakutumia nusu kwa M-Pesa. Nusu nyingine zungumza na Shangazi, maana nasikia kiangazi cha mwaka huu kimemwendea vizuri. Mwenye hoteli naye, gereji yake isimtie wasiwasi. Baba ananiambia kuna mzee Runyenjes anauza Peugeot 504 iliyotunzwa ndani ya nyumba, nayo ni ya ukoo uleule uliowaacha Porsche nyuma mwaka 1978. Aende asubuhi, asitaje Marekani, na akitajiwa bei aanze kwa kuguna.

Mimi mpwa wako,
Dallas