Kichupa Kimelala Kabatini, Usikiamshe

Hongera. Una mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, una glovu, una sindano butu za kupimia, una lita ya gliserini na nusu lita ya propilini glaikoli. Kwenye rafu ya viungo vya pilau sasa zimepanga foleni stroberi, vanila, kastadi na kitu kinachojiita biskuti ya siagi. Umechanganya, umetikisa, umevuta, na kilichokujia mdomoni ni kadibodi iliyopuliziwa manukato. Usikate tamaa. Mabingwa wote wa kutengeneza juisi ya vepu nyumbani watakupa jibu moja: haijakolea, ilaze.

Ni jibu zuri kwa sababu halishindwi. Juisi ikiwa mbaya leo, haijakolea. Ikiwa mbaya wiki ijayo, bado. Ikiwa nzuri mwezi ujao, si tulikwambia? Na ikiharibika kabisa, basi uliipitiliza. Sayansi chache duniani zina kinga namna hii.

(Kama huvuti sigara wala vepu, ishia hapa. Hakuna kastadi inayostahili mapafu yasiyo na deni.)

Kwa walio Uingereza, ambako burudani hii ina wafuasi wengi, serikali imetangaza kodi ya pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za juisi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, iwe ina nikotini au haina. Mtu akipiga hesabu hiyo usiku, asubuhi anaamka mkemia. Tayari sheria ya huko hairuhusu dukani juisi yenye nikotini zaidi ya miligramu 20 kwa mililita, wala chupa ya nikotini inayozidi mililita 10. Ndiyo maana wachanganyaji hununua vichupa vidogo vya nikotini kwa wingi na kuvimwaga kimoja kimoja kwenye chupa kubwa, kwa uso wa mtu anayefanya jambo zito.

Sasa, utajuaje kwamba juisi inahitaji kulazwa? Anza na rangi, maana rangi haihitaji utaalamu. Kichupa kilichoingia kabatini bila rangi kikitoka kimekuwa hudhurungi, familia iitwe ije ione. Usiwaambie kwamba nikotini hubadilika rangi yenyewe ikikutana na hewa, mwanga na joto. Iache dirishani bila tone la ladha na itageuka vilevile. Vanila nayo huongeza weusi wake. Kwa hiyo ile hudhurungi inatangaza kwamba nikotini inazeeka, na wewe kwenye lebo andika "imeiva".

Ukichoka na rangi, fuata kalenda. Desturi inasema matunda huvutwa siku hiyohiyo au baada ya siku chache, kastadi na krimu zilale wiki mbili hadi nne, na ladha za tumbaku mwezi au zaidi. Hii si bure kabisa, nitaeleza. Lakini angalia jinsi kalenda inavyofanya kazi kwa mtu wa kawaida: juisi ya embe aliyoipenda anaimaliza siku ya tatu na kusema embe haihitaji kulala. Ile kastadi asiyoipenda inakaa wiki nne kwa sababu hakuna anayeigusa.

Ndani ya kichupa kuna mambo matatu yanayoendelea, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kuchanganyika tu. Ladha nyingi huja zimeyeyushwa katika propilini glaikoli, ambayo ni nyepesi, nayo gliserini ni nzito na mvivu. Hapo tiba ni kutikisa kwa nguvu, au kuipasha gliserini kidogo ilegee kabla ya kuchanganya. Mkono wenye bidii humaliza shughuli hiyo kwa dakika chache, na kabati haliongezi chochote.

La pili ni kuvukiza. Baadhi ya ladha zina pombe ndani yake, na pombe hiyo ndiyo inayokukwaruza koo siku ya kwanza na kukupa ile harufu ya duka la manukato. Ukiacha kifuniko wazi kwa muda, hupungua. Tatizo ni kwamba kifuniko hakichagui cha kutoa. Harufu ya juu ya ndimu na stroberi, ile uliyoilipia, nayo hutoka kupitia mlango uleule. Hapo chumba chako kitanukia vizuri kuliko juisi yako.

La tatu ndilo kemia yenyewe, na hapa wapenda kastadi wanastahili kuombwa radhi kidogo. Vanilini, harufu ya mdalasini na ile ya lozi ni za ukoo wa aldehidi, na aldehidi hazikai kimya ndani ya propilini glaikoli. Huungana nayo na kuwa asetali. Watafiti wa Marekani waliopima jambo hili na kulichapisha mwaka 2018 waliona mabadiliko hayo yakitokea ndani ya juisi iliyohifadhiwa kawaida tu, bila kuchemshwa. Kwa hiyo ni kweli, kastadi ya wiki ya tatu si ile ya siku ya kwanza, na huenda ule ulaini unaousifu unatokana na aldehidi kupungua. Ila watafiti haohao walikuta asetali hizo zinaamsha vipokezi vya mwasho kwa nguvu zaidi kuliko harufu zilizozizaa. Ulimi unasema imelainika. Kooni kuna maoni mengine.

Krimu zina siri yao pia. Ladha nyingi za siagi zilikuwa na diasetili, ile iliyohusishwa na ugonjwa wa mapafu wa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, mwaka 2000. Watengenezaji wakahamia kwa asetoini, jamaa yake mpole. Baadaye ikaonekana kwamba asetoini ikikaa ndani ya juisi hugeuka kidogokidogo kuwa diasetili. Kumbe uliponunua ladha iliyoandikwa "haina diasetili" na kuilaza mwezi mzima gizani, ulikuwa unaitengeneza mwenyewe, bila malipo ya ziada.

Kwa wasioweza kusubiri, njia za mkato ni nyingi: bakuli la maji moto, jiko la umeme la kupikia polepole, hata mashine ya kusafishia vito kwa mawimbi ya sauti, ambayo ina faida ya kweli, kwamba pete zako zitang'aa. Mikrowevu iache. Joto linaharakisha kila kitu, pamoja na kuzeeka kwa nikotini, na jikoni mnapopika chakula cha watoto si mahali pa kupasha nikotini. Kabati unamolaza vichupa liwe juu, lifungwe, na kila kichupa kiandikwe kilichomo. Mtoto akiona kitu kinachonukia stroberi hatasoma kalenda. Na usiongeze mafuta ya aina yoyote, hata yale ya mnanaa ya dukani: mafuta hayafai kuingia mapafuni, kejeli au hakuna kejeli.

Nimeacha hakimu mkuu hadi sasa, yaani pua. Ukivuta vanila kutwa, kufikia jioni pua imeizoea na haikuambii tena lolote. Wavutaji huona juisi imepoteza ladha, huitupa kabatini na kuvuta menthol wiki nzima. Wakirudi, pua imepumzika, vanila inanukia upya, na sifa zote linapewa kabati. Vichupa vingi vilivyokolea kimiujiza vilikolea hivyo.

Ukitaka kujua kwa haki, kuna njia, ingawa haipendwi. Tengeneza kichupa leo, kifiche. Baada ya wiki tatu tengeneza kingine kwa kipimo kilekile, mizani ileile. Mwombe mke au shemeji ambaye haijui siri avipe herufi, wewe uonje bila kuona, ukiwa hujavuta kitu tangu asubuhi. Rudieni mara kadhaa, maana kubahatisha mara moja ni rahisi. Kwa kastadi, unaweza kutambua tofauti. Kwa tikiti maji, jiandae kumsikia shemeji akicheka.

Na kama wiki ya tano bado kuna ladha ya sabuni, hakuna usingizi utakaoiondoa. Uliweka ladha nyingi mno; rudi kwenye kipimo, punguza kwa nusu, anza upya. Ile ya zamani usiimwage kwenye sinki, kwa kuwa nikotini ni sumu kwa viumbe vya majini. Ipeleke kituo cha halmashauri kinachopokea taka hatarishi. Mhudumu atakuuliza kilichomo. Taja nikotini, gliserini na propilini glaikoli, basi. Usimweleze kwamba ilikuwa imebakiza wiki moja tu.