Sifa za Mkweche Uliovuka Bahari

Gari jipya lina aibu moja: halimhitaji mtu. Unaliwasha, linawaka, unafika uendako, unashuka, na njia nzima hukufahamiana na yeyote. Mkweche wa miaka zaidi ya hamsini, ulionunuliwa ng'ambo kwa kutazamwa picha na kuletwa Dar es Salaam kwa meli, hauna ubinafsi huo. Mkweche ni mali ya umma. Tangu siku unapoonekana kwenye tangazo hadi siku unapotoka gereji, utakuwa umelisha familia za mabara mawili, na atakayebaki na njaa ni mmoja tu, mwenye gari. Nauandikia sifa kwa sababu wanaousema vibaya wamekuwa wengi, hasa wake wa wenye nayo mikweche.

Tuuchukue ulio bora: Land Rover Series IIA, ile ndefu ya milango mitano, iliyoundwa Solihull, Uingereza, kati ya mwaka 1961 na 1971. Ukoo wake ni wa heshima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ndipo waundaji wakaamua bodi iwe ya aluminiamu. Chesisi wakaiacha ya chuma. Hekima yote ya gari hili imo katika uamuzi huo, maana aluminiamu haioti kutu ile, ilhali chuma kikinyeshewa mvua za Uingereza na kurushiwa chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, huliwa kimya kimya. Matokeo yake ni gari linalong'aa juu kama bwana harusi na huku chini limebakiza jina tu. Ni watu wangapi unaowafahamu wanaoweza kuuguza maradhi yao kwa adabu namna hiyo?

Muuzaji naye huitunza siri hiyo. Anapiga picha ubavuni, anapiga usukani, viti, na mbwa wake aliyelala juu ya boneti. Uvunguni haingii, na aingie kufuata nini? Mnunuzi yuko Tabata, saa sita usiku, anaikuza picha kwa vidole viwili. Anaona kijani kile kile cha Land Rover ya bwana shamba, ya misheni, ya mkuu wa wilaya aliyepita kijijini akaacha vumbi na heshima, na papo hapo anarudi kuwa mtoto wa darasa la pili. Mtoto wa darasa la pili haulizi habari za chesisi. Kampuni za magari mapya hutumia fedha nyingi kwa matangazo zikimtafuta mteja wa akili hiyo. Mkweche humpata bure.

Wapo wanaodai huu ni ujinga wa siku hizi. Hawajasoma historia ya nchi yao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilipotaka kulima karanga Kongwa, ilikusanya mitambo iliyobaki vitani, mingine kutoka mbali kama Ufilipino, na hata vifaru aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Mingi ilifika ikiwa hoi, spea hazikuonekana, ardhi ngumu ya Kongwa ikamalizia iliyobaki, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ikiwa dola nzima, yenye hazina na wataalamu, ilinunua chuma chakavu cha mbali kwa imani, basi mstaafu wa Tabata na kiinua mgongo chake ni mrithi wa mila kongwe. Tusimwite mpumbavu.

Kisha safari. Magari yenye afya huendeshwa hadi ndani ya tumbo la meli na kupangwa kwa mamia. Mkweche uliogoma kuwaka siku ya kupakiwa hupewa kontena lake, hufungwa mikanda, magurudumu yakawekewa magogo, betri ikachomolewa, na kila tendo likaandikiwa ankara. Nani mwingine katika ukoo wenu amesafiri akiwa na chumba chake peke yake? Na tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalipozifanya kampuni nyingi za meli ziikwepe njia ya Suez na kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kuna mikweche iliyoongezewa matembezi bila kuyaomba. Gari ambalo lisingetoka Solihull likafika Coventry bila kuvutwa linakatiza Atlantiki, linapita Durban, linapanda na pwani yetu. Mwenye gari, ambaye maji marefu aliyovuka ni ya boti ya Unguja, anaifuatilia meli kwenye simu usiku kucha. Anajua hali ya bahari ya Cape Town kuliko bei ya unga dukani kwa Mangi.

Ila bandarini ndiko utukufu wake unakodhihirika. Ushuru wa forodha, kwa viwango ambavyo waagizaji wa Tanzania wamevizoea miaka hii, ni asilimia 25, nao haukokotolewi juu ya bei ya gari peke yake. Hujumlishwa bei, bima na nauli ya meli, kwa hiyo unalipia pia kosa la bahari kuwa pana. Juu ya jumla hiyo, pamoja na ushuru huo wa forodha, huja ushuru wa bidhaa: asilimia 10 ikiwa injini inazidi cc 2,000, na injini ya petroli ya Land Rover yetu ina 2,286. Kisha huja ule ninaoupenda kuliko yote, ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, asilimia 30 kwa lililozidi hapo. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya kila kilichotangulia, yaani kodi nayo inatozwa kodi. Shika kalamu. Mkweche uliofika na gharama zake za shilingi milioni 30 utadaiwa takribani shilingi milioni 31 na laki tisa na nusu, kabla ya tozo ndogo ndogo za reli na za kushughulikia nyaraka. Mfadhili gani mwingine anatoa sadaka inayozidi mali yake?

Watu hulalamikia ushuru wa uchakavu kwa kutouelewa. Tunaishi zama ambazo mzee anasimama kwenye daladala na vijana wameketi wakijifanya wamelala. Imebaki ofisi moja tu inayoutambua uzee na kuupa thamani yake kwa asilimia. Uingereza wao wanaudharau: gari likitimiza miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara, na tangu mwaka 2018 mengi ya umri huo hayalazimishwi hata kwenda kukaguliwa kila mwaka. Serikali haitaki tena kujua kama yu hai. Kenya kwa kawaida wanafunga lango kabisa; gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane halina njia ya kupita Mombasa. Marekani wameigeuza hesabu juu chini: gari lisiloundwa kwa viwango vyao hukataliwa likiwa kijana, likitimiza miaka 25 hufunguliwa mlango. Sisi hatumfukuzi mzee wala hatumsamehi. Tunamkaribisha na kumhesabia.

Tena ni haki, maana ukoo wenyewe uliwahi kukwepa. Miaka ya 1960 huko Uingereza, Land Rover hii ndefu iliuzwa pia ikiwa na viti 12, abiria wakikaa magoti kwa magoti, kwa kuwa chombo cha viti 12 kilihesabiwa basi, na basi halikutozwa kodi ya ununuzi. Deni hilo limetangatanga miaka sitini likimtafuta wa kulilipa. Limempata Tabata.

Wakati hesabu zinapigwa, gari limelala na storeji inatembea. Hapa wakala wa forodha anaingia katika maisha yako na kuwa ndugu. Anapiga simu asubuhi: "Shikamoo mzee, tumekwama kidogo, mfumo uko chini." Jioni anapiga tena: "Mzee wangu, mfumo umerudi, ila mwenye kusaini ametoka." Wanao mwenyewe hawakupigii mara mbili kwa siku. Siku gari linapogombolewa, simu zinakatika ghafla na nyumba inapoa, na hapo ndipo unaanza kwenda gereji mara kwa mara, upate wa kuzungumza naye.

Gereji ni chuo. Fundi wetu amelelewa na Toyota, spana zake zote ni za milimita, na nati za Land Rover hii zimepimwa kwa inchi. Ile ya tisa kwa kumi na sita, spana ya 14 haiingii, ya 15 inateleza na kuila kona. Fundi anasimama, anaifuta nati kwa kidole, anasema "Bosi" kwa sauti ya kukupa pole, halafu ananyamaza. Katika kimya hicho unajifunza kwamba dunia iliwahi kupimwa kwa namna nyingine. Unatumwa Gerezani, Gerezani wanakutuma Shaurimoyo, Shaurimoyo wanakuelekeza kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa serikali, na huyo mzee, akishamaliza kukucheka, anatoa uvunguni mwa kitanda sanduku la spana ambazo hakuna aliyemuuliza habari zake tangu alipostaafu. Kazi imerudi. Mjukuu wake ameshalipiwa ada.

Zile spea zisizopatikana hapa huunganisha familia zilizotawanyika. Shemeji anayekuja likizo kutoka Leicester anaambiwa chokoleti aache, alete pampu ya maji, pointi na gasketi ya silinda hedi. Na chesisi, ile iliyobakiza jina, huundwa mpya huko huko Uingereza, ikachovywa kwenye zinki isishikwe na kutu tena. Ukiagiza, mkweche wako utakuwa umevuka bahari mara mbili, bodi kwanza na uti wa mgongo baadaye, na bandarini watafurahi kukuona tena. Kuhusu oili, usijisumbue. Mafundi wanajua kwamba Land Rover ya zamani ikiacha kuvuja, imekwisha.

Siku inapoingia barabarani, adabu ya mji mzima hubadilika. Gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kwa hiyo dereva hukanyaga klachi mara mbili ili kuzishusha, na anayekanyaga klachi mara mbili kuanzia Buguruni mpaka Ubungo hana nafasi ya kutukana wenzake. Usukani hauna msaada wa aina yoyote. Misuli ya mikono inarudi, gharama za jimu zinaokolewa. Kiyoyozi hakuna. Kuna hita. Hita ya Land Rover ya Uingereza ndiyo kifaa pekee nilichoona kikifika salama kila mara, na mchana wa Januari, madirisha yakiwa yamekwama, utaishukuru kwa uaminifu wake. Betri ikifa kuna hendeli ya kuzungusha mbele, na hendeli ikirudi kinyume kuna kliniki karibu. Gari lenyewe limepewa namba mpya kabisa, babu akitembea na namba za wajukuu, na trafiki akilisimamisha mara nyingi anataka kupiga nalo picha.

Hakuna shemeji anayeliazima. Hakuna jirani anayekuomba umsindikize uwanja wa ndege alfajiri. Anaagiza bodaboda mwenyewe na bado anakusalimia kwa huruma. Mwizi akilijaribu atahitaji kujua mahali pa choki, idadi ya kupampu breki na dua inayosomwa kati ya hizo mbili, na akishayajua yote hayo atakuwa amepita kiwango cha uhalifu, mpe kazi ya udereva. Likizima katikati ya mataa, vijana wanne wanatokea bila kuitwa, wanasukuma, wanashangilia likiwaka, wanakimbia nalo hatua kadhaa. Fikiria ni lini mara ya mwisho watu wasiojuana katika jiji hili walifanya kazi moja na kuishangilia. Gari jipya likizima, mwenyewe anapiga simu na kufunga vioo.

Kwa hiyo naleta ombi kwa Waziri wa Fedha, kabla bajeti ya Juni haijasomwa. Mheshimiwa, wapo watakaokujia na maandiko kuwa magari ya kale ni urithi, yapunguziwe ushuru wa uchakavu kama walivyofanya wengine. Tafadhali usiwasikilize. Asilimia 30 ibaki ilipo, na ukiweza iongeze. Mikweche ikiwa rahisi kila mtu ataagiza wake, barabara nzima itajaa waliokwama, na hatutampata wa kusukuma.