Namna ya Kuhama na Mtoto wa Miaka Minne Bila Kumzeesha

Kabla hujafunga begi, toa joho. Ndiyo, lile joho jekundu la satini na kofia yake ya pembe nne, alilovaa mtoto siku ya mahafali ya chekechea, ukumbi mzima ukipiga vigelegele na mshereheshaji akimtangaza mhitimu. Toa na cheti chenye fremu. Toa na ripoti inayosema ameshika namba tatu darasani. Huko mnakohamia, iwe Helsinki, Leeds au Utrecht, hakuna ofisa atakayetaka kujua mtoto wa miaka minne alishika namba ngapi. Watauliza alizaliwa lini na amechanjwa nini. Kwa hiyo mahali pa joho weka cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, na kadi ya kliniki, tena kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloweza kupotea njiani.

Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi la shule, akarudi jioni na kurasa mbili za kazi ya nyumbani, ameshamaliza siku ya karani, na miaka mitano hajatimiza. Kuna shule za Dar es Salaam na Nairobi zinazomfanyia usaili mtoto wa miaka mitatu. Usaili! Ataje rangi, ahesabu mpaka ishirini, akae kitako asilie mama akitoka chumbani. Mzazi anayekubali hayo hana roho mbaya. Anaogopa mwanawe ataachwa nyuma. Hofu hiyo ndiyo nakuomba usiipandishe ndege.

Sasa chukua tarehe ya kuzaliwa ya mwanao uisome kwa sheria ya nchi unayokwenda. Tuseme alizaliwa tarehe 15 Agosti 2021. Ufaransa, ambako elimu ni lazima kuanzia miaka 3 tangu mwaka 2019, angeingia shule ya awali Septemba 2024. England angeingia darasa linaloitwa Reception Septemba 2025, wiki mbili tu baada ya kutimiza miaka 4. Kenya angeanza PP1, mwaka wa kwanza wa awali, Januari 2026. Scotland, Agosti 2026. Finland darasa la kwanza lingemngoja hadi Agosti 2028, mwaka anaotimiza miaka 7. Mtoto ni yuleyule, akili ni ileile, meno ni yaleyale. Kilichobadilika ni bunge lililotunga sheria. Ukishaliona hilo, hutasema tena kwamba nchi fulani imemrusha mwanao madarasa, wala kwamba nyingine imemrudisha nyuma.

Uholanzi wana utaratibu wao ninaoupenda: mtoto anaruhusiwa kuingia shule mara anapotimiza miaka 4, hata iwe katikati ya muhula, na anakuwa chini ya sheria ya lazima mwezi unaofuata baada ya kutimiza 5. Darasa linapokea wageni mwaka mzima. Kwa familia inayofika Machi na mabegi yake, hiyo ni nafuu kubwa.

Jambo moja lisifanyike kwa hali yoyote: usiguse tarehe ya kuzaliwa. Wapo wanaoisogeza miezi mitatu mbele au nyuma ili mtoto aingie darasa wanalolitaka, wakidhani ni ujanja mdogo. Tarehe hiyo itaingia kwenye pasipoti, viza, hospitali, shule, na siku moja kwenye maombi ya uraia. Ikigongana na kadi ya kliniki, atakayekaa mbele ya ofisa wa uhamiaji akieleza ni huyo mtoto, akiwa mtu mzima, kwa kosa lililofanywa akiwa na chupa mdomoni. Wazee wetu waliandikishwa shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa kugusa sikio la upande wa pili. Asiyefika alirudi nyumbani kucheza mwaka mwingine. Kipimo kile kilikuwa na kasoro nyingi, lakini kiliheshimu mwili wa mtoto kuliko mzazi anayefuta tarehe.

Kadi ya kliniki nayo uisome kabla ya safari. Ujerumani, tangu Machi 2020, mtoto wa miaka miwili au zaidi hapokelewi chekechea bila uthibitisho wa kinga ya surua, kwa kawaida dozi mbili. Tanzania mtoto huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Ile ya pili ndiyo wengi huikwepa, kwa sababu mtoto keshatembea na foleni ya kliniki ni ndefu. Mpeleke. Ikatae foleni leo, uikute Berlin.

Tukae Finland kidogo, kwa maana huko ndiko mzazi wa kwetu hushikwa na kiwewe. Utampeleka mtoto chekechea ya manispaa umemvalisha viatu vyeupe na soksi za kukunja. Jioni utamkuta ndani ya ovaroli ya mvua, matope hadi nyusi, anachimba. Mvua inanyesha. Mwalimu amesimama pembeni, ameridhika. Kesho hivyo hivyo, na theluji ikianguka hivyo hivyo. Hatua yako ni kwenda dukani: ovaroli ya mvua, buti za mpira, glavu jozi mbili, suti nene ya theluji, na jina la mtoto kwenye kila kitu. Viatu vyeupe viache kwa ajili ya Idi na Krismasi.

Humo ndani mambo yamepangwa kuliko yanavyoonekana. Nafasi huombwa miezi minne kabla. Ukipata kazi au masomo ghafla, manispaa ina wiki mbili za kukutafutia. Ada hukadiriwa kwa kipato na ukubwa wa familia. Mwaka anaotimiza miaka 6 mtoto huingia mwaka wa maandalizi ambao tangu Agosti 2015 ni wa lazima: saa zisizopungua 700 kwa mwaka, bila ada, na chakula cha mchana juu ya manispaa. Humo atakutana na herufi na tarakimu, ila kwa michezo, nyimbo na hadithi, na hakuna atakayempanga namba. Hata kabla mwaka huo haujawa wa lazima, watoto wa Finland walioanza darasa la kwanza wakiwa na miaka 7 ndio walioongoza kwa kusoma katika mtihani wa kwanza wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2000, wakiwa na miaka 15. Finland imeshuka tangu wakati huo, ni kweli. Lakini Estonia, ng'ambo ya maji, nayo huanza shule miaka 7, na katika PISA ya 2022 ndiyo iliyotangulia Ulaya kwa hisabati na sayansi. Mtafiti Sebastian Suggate aliwalinganisha watoto wa New Zealand walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na walioanza wakiwa na 7. Walipofika 11, wale wa mwanzo hawakuwa tena mbele.

Hizo takwimu zihifadhi, maana simu kutoka nyumbani itapigwa. Bibi atataka kujua mjukuu yuko darasa la ngapi, na binamu yake wa Tabata tayari anasoma magazeti. Usidanganye, wala usijitetee kwa hasira. Sema: "Shikamoo mama. Mjukuu wako hajambo, anakula, analala, anacheza na wenzake, ameanza kushika lugha yao. Darasa la kwanza huku ni miaka saba kwa kila mtoto, hata wa waziri." Hiyo ya waziri usiisahau, inatuliza. Kisha mpe simu mtoto amwimbie bibi wimbo aliojifunza. Bibi haumwi na herufi, anaumwa na umbali.

England tatizo hugeuka. Huko hofu iwe kwa mtoto aliyezaliwa kati ya Aprili na Agosti, kwa sababu ataketi na mwenzake anayemzidi karibu mwaka mzima, na mwaka mmoja kwa mtu wa miaka minne ni robo ya maisha yake. Wazazi wetu hufurahia kumwona mtoto wao akiwa mdogo kuliko wote darasani. Usifurahie. Anachoka mapema, anajikojolea, analia saa nane mchana, halafu anaandikwa kuwa mgumu. Sheria haimlazimishi kuwa shuleni hadi muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5, na aliyezaliwa miezi hiyo unaweza kuiomba halmashauri aingie Reception mwaka mmoja baadaye. Wanaweza kukataa, ila omba, tena kwa maandishi. Kwa wanaoanza kwa utaratibu wa kawaida, maombi hufungwa tarehe 15 Januari na majibu hutoka 16 Aprili. Ukihamia katikati ya mwaka, halmashauri ya unapoishi itakuelekeza. Usizunguke mageti ya shule ukibembeleza.

Na kuna haki ambayo wafanyakazi wengi wa kwetu, hasa walio kwenye nyumba za kutunzia wazee, huiacha ilale kwa kuogopa viza. Kila mtoto wa England hupata saa 15 za bure za chekechea kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3. Hali ya uhamiaji ya mzazi haihusiki. Zile saa 30 za wazazi wanaofanya kazi ndizo zenye masharti ya viza na kipato. Mama anayefanya zamu za usiku halafu akakesha mchana na mtoto kwa kuogopa fomu ya saa 15 ananiumiza moyo. Jaza fomu, dada yangu. Ukalale.

Lugha. Nyumbani zungumza Kiswahili, Kiswahili chote: cha kugombeza, cha kubembeleza, cha vitendawili na cha hesabu. Usimwachie mwanao Kiingereza chako cha mahojiano ya kazi. Kile cha uwanjani atakileta mwenyewe mlangoni, bila ada, na kwa lafudhi itakayokushinda. Miezi ya mwanzo anaweza kunyamaza kabisa shuleni. Mwalimu akishtuka, mweleze kwamba nyumbani mtoto anaongea hadi anachosha. Anasikiliza kwanza, atasema baadaye. Mpe pia orodha ya maneno ambayo mtoto hawezi kuishi bila hayo: maji, choo, naumwa, nataka mama. Mwalimu mwema huyabandika ukutani siku hiyo hiyo.

Kama mkataba ni wa miaka miwili au mitatu, panga kurudi tangu sasa. Finland shule hufunguliwa Agosti, England Septemba, Tanzania na Kenya Januari, kwa hiyo kuna miezi itakayobaki inaning'inia. Mtoto wa miaka saba anayerudi Dar Julai bila kujua kusoma sentensi hajachelewa. Darasa la kwanza na la pili Tanzania hujikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kiswahili alichotunziwa nyumbani kitamfikisha kwenye kitabu upesi. Mwandikishe darasa la kwanza Januari, hata kama binamu wa rika lake wako la tatu. Mwalimu mkuu akikwambia hapokei mtoto wa umri huo asiyejua kusoma, muage kwa heshima, mshike mwanao mkono, nendeni shule ya serikali ya mtaani kwenu. Haitozi ada.