Modemu na Shangazi

Nyinyi mnaonuna video ikikwama sekunde tatu, karibuni mwaka 1999. Nilijitia ushujaa, nikaifuta Windows na kuweka Linux, mfumo wa bure ambao kiini chake alikianza Linus Torvalds mwaka 1991. Bure, naam, ila ni ile bure ghali.

Kumbe modemu yangu, kifaa cha kuingia intaneti kwa laini ya simu ya nyumbani, ilikuwa “winmodemu”: nusu ya akili yake imeachwa ndani ya Windows ili bei ishuke. Kwenye Linux ikanyamaza kama bwana harusi anayedaiwa mahari. Dawa yake? Programu ya kuiendesha. Inapatikana wapi? Kwenye intaneti. Yaani ufunguo wa sanduku umefungiwa sandukuni.

Nikanunua modemu ya nje, yenye akili zake timamu. Mlango wa kuichomekea, ambao Windows huuita COM1, kwenye Linux ni ttyS0, maana wenye Linux huanza kuhesabu na sifuri. Nikajaza namba ya simu, jina na nywila, nikaamuru wvdial, programu ya kupiga simu. Ikapiga, ikalia kama paka wawili darini, ikaunganika! Kilobiti 56 kwa sekunde, hizo ni za kwenye boksi. Hata zingetimia, megabaiti moja ni dakika mbili na ushei.

Nikafungua picha ya mtu. Ilipofika kwenye paji la uso, shangazi akainua simu sebuleni: “Haloo? Nani anakwaruza sufuria humu?”

Muunganiko ukakatika. Kimya. Linux ilitii kila amri. Shangazi hakuwemo kwenye mwongozo.