Ua la Kwetu Limeniumbua Hannover



Mjomba, baridi ni ileile, na sweta uliyonipa siku hizi naivaa kama fulana ya ndani. Lakini leo naandika kwa sababu ua limeniumbua.

Jirani yangu hapa Hannover, bibi mmoja wa makamo yaliyokwisha pita, aliniuliza natoka wapi. Nikajibu kwa maringo: milima ya Usambara. Loo! Akanivuta mpaka dirishani kwake. Vyungu kumi na vinne, majani yana vinyweleo kama sikio la sungura, maua ya zambarau, meupe, ya waridi. “Usambaraveilchen!” Kumbe Wajerumani wanalijua sana jina la Usambara, ila kwao ni ua.

Wiki iliyofuata akaniachia funguo, anakwenda kwa binti yake siku kumi na nne. Maelekezo? Hakuna. Maua si yamepata ndugu yao? Nikaona haya kusema kwamba nimekulia Lushoto nikichuma peasi, na ua lile sijawahi kuliona.

Nikayamwagilia kama kabichi zako, juu kwa juu, maji ya bomba ya Januari. Baada ya siku chache majani yakawa na mabaka, utadhani yamerukiwa na jiki. Maua mawili yakaoza shinani.

Muuza maua wa mtaani ndiye aliyenifundisha mambo ya kwetu. Maji yawe vuguvugu, uyatie kwenye kisahani, ua linyonye lenyewe kama nusu saa, yanayobaki umwage. Mwanga mwingi, jua kali hapana. Chungu kidogo. Yaani, Mjomba, anaiga mwamba wa msituni linakoota: kivuli, unyevu, na udongo wa kujaa kiganja.

Akaniambia pia kwamba mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani kule Tanga, ndiye aliyelituma Ujerumani kwa baba yake. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, hapahapa Hannover, akalipa jina la kitaalamu: Saintpaulia. Wasambaa hawakuulizwa.

Nikanunua mawili mapya dukani, nikayapanga pale palipokuwa na marehemu. Bibi aliporudi hata koti hakuvua. “Haya si yangu.” Nikaungama. Akacheka hadi akakaa chini, kisha akachuma jani moja lenye kikonyo chake, akalichomeka kwenye udongo mbichi, akalifunika kwa mfuko wa nailoni, akanikabidhi kama mtoto wa kulea. Miezi miwili sasa, na shinani yamechomoza majani matatu, kila moja kama punje ya choroko. Nayasalimia kabla ya kupiga mswaki.

Mjomba, ukipita kwenye msitu uliobaki ukaliona ua hilo, usiling'oe. Waulize wazee tu kwa Kisambaa linaitwaje. Bibi ananiuliza kila Jumapili, na nimeshamtajia majina mawili ya uongo.