Mlango Una Wenyewe

Watu wa huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini mpaka Katoro, ni wepesi wa kusahau fadhila. Injini ya Toyota wameisifia hadi hakuna jipya la kusema. Dereva anayejua kukwepa mashimo ya njia ya Kakola usiku wa mvua ana jina kila kijiwe. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 19, 2025, kila mwenye simu alilipiga picha. Lakini mlango wa ubavuni wa Hiace kuukuu, ule ulioshuka vidole viwili upande wa nyuma na usiotaka tena kuonana na kitasa chake, hakuna aliyewahi kuusemea neno jema. Alfajiri unatukanwa stendi, mchana unapigwa teke Tinde, usiku unafungwa kwa mpira wa tyubu na kulala hivyo hivyo. Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, aliona nzi kaonewa mno, akamtungia insha nzima ya sifa. Nzi hajawahi kumfikisha mtu Geita.

Tuanze na ukoo, kama anavyostahili anayesifiwa. Hiace ninazozisema ni za lile toleo lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1989, ambalo lilipokelewa na toleo jipya mwaka 2004. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango ulizaliwa upande unaotakiwa, ule wa kando ya barabara. Ukaja kwa meli, ukashuka Dar es Salaam ungali na maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta, maana gari lenye maandishi hayo huonekana halijachezewa. Wenyewe umening'inia kwenye rola tatu: moja juu, moja chini kwenye kikanyagio, na ya tatu katikati, inayosafiri ndani ya reli iliyo nje ya bodi, ubavuni kuelekea nyuma. Vigurudumu vitatu, kila kimoja kinaenea kiganjani, ndivyo vilivyobeba mzigo wote. Mhandisi aliupigia hesabu uzito wa mlango. Konda hakumpigia.

Na konda wa kwetu hasafiri ndani ya gari, husafiri na mlango. Mguu mmoja kwenye kikanyagio, mkono kwenye ukingo, kiwiliwili chote nje, anaita, "Kahama, Kahama, wawili tuondoke," na hao wawili wamekuwa wawili tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mlango hufunguliwa gari halijasimama, hufungwa gari limeshaondoka. Ongeza gunia la mchele linaloegemezwa hapo kwa kuwa hakuna pengine. Ongeza vumbi jekundu la njia ya Bulyanhulu, ambalo likikutana na grisi ndani ya reli hugeuka msasa. Rola ya katikati inalika kidogo kidogo, pini yake inalika upande mmoja, na mlango unaanza kuinama. Huinama kwa adabu, sehemu ya nyuma kwanza.

Tazama ajira inayotokana na kuinama huko. Mlango unaofunguka kwa kila mtu hauna heshima, na konda wake hana kazi ya kudumu. Ule ulioshuka una ujuzi wake. Konda anaingiza vidole vinne nyuma ya kishikio, anaubeba kwa bega, goti analiweka kwenye kona ya chini, anauvuta mbele kidogo kana kwamba anataka kuufunga zaidi, halafu anausukuma nyuma kwa pumzi moja. Akikosea mpangilio, anaanza upya. Abiria mwenye shahada akijaribu, gari zima linacheka. Mama mwenye kapu la dagaa akinyoosha mkono anaambiwa, "Mayu, usiushike, mlango una wenyewe." Na tajiri, yaani mwenye gari, ambaye kila siku anamshuku konda huyo kwamba anamega hesabu, hathubutu kumwachisha. Atakayekuja ataufunguaje? Wapo wenye mikataba iliyopigwa mihuri mitatu ambao hawana uhakika wa kazi kiasi hicho.

Halafu usawa. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa mwaka 2019, wakati masoko ya madini yalipoanza kuenea mikoani. Humo mzani umekingwa kwa kioo ili hata pumzi ya mtu isiuguse, na watu wazima wawili wanaweza kununiana mpaka jioni kwa sababu ya pointi moja ya gramu. Mtu huyo huyo aliyekataa kupunjwa pointi anatoka nje, anapanda Hiace ya Katoro, anakaa pembeni ya mlango uliokosa mahali pake kwa vidole viwili, wala hasemi kitu. Mlango umemfundisha uvumilivu ambao mzani haukuweza. Tena haumjui. Awe amefunga mamilioni kiunoni, awe mama lishe na masufuria yake, awe kijana ametoka duarani udongo ungali masikioni, wote wanamsubiri konda azunguke, abebe, asukume. Ukigoma kabisa, wote wanatokea kwenye buti, juu ya magunia, mwenye dhahabu akitanguliza miguu.

Wazee wa njia ya Mwanza wanakumbuka enzi za kivuko. Pale Kigongo abiria walishuka, gari likaingia kivukoni tupu, watu wakapanda kwa miguu. Mlango uliogoma uliweza kulikosesha gari zamu, na abiria wakapata muda wa kula samaki wa kukaanga na kusikia habari za Sengerema. Sasa gari linakata kilomita tatu za daraja bila mtu kushuka, na habari za Sengerema tunazipata kwa simu, bila samaki.

Wanaosema mlango huu ni hatari hawajausikiliza. Gari likifika kilomita 80 kwa saa unaanza kupiga ngoma. Likifika 90, hakuna anayesikia redio wala mahubiri. Dereva anapunguza mwendo, na wala si kwa kuogopa kibao au trafiki. Ni mzee wa siti ya nyuma amelalamikia masikio yake. Hicho ni kidhibiti mwendo ambacho hakuna fundi anayeweza kukichomoa waya. Kelele hizo ni ratiba pia: mama wa Segese anausikia mlango kabla hajaliona gari, anaepua maharage, anatoka na mzigo wake barabarani. Na hewa je? Pengo la vidole viwili linapitisha upepo mchana kutwa, japo upepo wenyewe ni mwekundu na unakaa kwenye nywele mpaka Jumapili. Hata ukaguzi haujawahi kuupata na hatia. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama hubandikwa kwenye kioo cha mbele, na kioo cha mbele hakina rola. Anayekagua akianzia mbele na jua likiwa kali, humalizia huko huko mbele.

Lakini fadhila yake kubwa ni kwamba unalisha watu. Nenda gereji bubu yoyote ya Kahama, zile za chini ya mwembe zisizo na kibao wala ukuta. Mlango umeshuka, haukutani na kitasa. Basi fundi wa kwanza anazilegeza bolti za kitasa pale kwenye nguzo na kukishusha ili kiufuate mlango. Unafunga. Wiki zinapita, mlango umeshuka tena, kitasa kinashushwa tena. Nafasi ya bolti ikiisha, anaitwa mchomeleaji atoboe matundu mapya. Moto wake unaunguza rangi, anaitwa wa rangi. Kona ya chini imeshagongana na bodi, fundi bati anainyoosha kwa nyundo. Mpira wa mlango umechanika, unanunuliwa mwingine. Kijana anatumwa soda. Wote wamekula, na mlango uko pale pale, chini zaidi kidogo. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakumiliki Hiace. Sisi ufa tunauacha, ukuta ndio tunausogeza. (Naona ofisi kadhaa zinaendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo, ila hazina mwembe.)

Adui wa maisha haya mazuri ni aina moja ya fundi, na kwa bahati mbaya ukanda wa dhahabu unawazalisha. Ni wale waliojifunzia kazi kwenye makarasha, ambako shafti ikicheza kidogo tu beringi inapasuka na mawe ya mtu yanalala bila kusagwa. Fundi wa namna hiyo hana huruma: kitasa hakigusi kabisa. Anafungua mlango nusu, anashika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili, anaunyanyua na kuuachia, anaunyanyua tena, sikio likiwa karibu na reli. Anatafuta panapocheza. Pakicheza kwenye mkono wa rola ya katikati, ameshaujua ugonjwa. Kama kinachotikisika ni kikanyagio pamoja na rola ya chini, anajua bati limeoza na kazi ni ya kuchomelea. Kisha anaweka jeki chini ya mlango, na juu ya jeki kipande cha ubao ili bati lisibonyee, anapandisha taratibu mpaka mstari wa mlango ulingane na mstari wa bodi. Mlango ukishabebwa na jeki, ndipo anafungua bolti za ule mkono na kuutoa.

Halafu anakuonyesha, na hapo ndipo penye uchungu. Ndani ya rola hakuna hata gololi moja. Tundu la pini limerefuka upande mmoja, pini yenyewe imekonda katikati. Anaupeleka mkono kwa fundi wa kukereza, yule yule anayechonga pini za makarasha, anachongewa bushi mpya na pini ya chuma kigumu. Wakati huo kijana anaisugua reli kwa mswaki na petroli, tope linatoka jeusi, kisha jekundu, kisha chuma kinaonekana. Grisi mpya inapakwa kidogo tu, maana grisi nyingi ni kulikaribisha vumbi. Rola mpya inaingia, mlango unalinganishwa, bolti zinakazwa. Baada ya yote hayo ndipo kitasa kinapandishwa na kurudishwa kwenye alama yake ya kiwandani, ambayo bado inaonekana kwenye rangi katikati ya makovu ya kuchomelea. Jeki inashushwa. Mlango unafungwa kwa kidole kimoja.

Msiba. Konda amesimama kando, hajui ayafanyie nini mabega yake. Dereva hajasikia kishindo, kwa hiyo anauliza na kuuliza tena, "Umefunga?" Abiria kila mmoja anafungua mwenyewe anapotaka, bila kuomba, na heshima ya gari imekwisha. Tajiri analalamika kwamba ametozwa hela nyingi kwa kitu kinachoingia mfukoni, japo hela za vitasa, rangi na soda alizotoa mwaka mzima zingenunua rola za magari ya ukoo wake wote. Mama wa Segese ameachwa na gari, hakusikia kitu.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Haupiti muda, habari zinafika stendi kwamba kuna rashi imetokea porini, dhahabu inaonekana kwa macho, na Hiace zinageuza njia. Watu ishirini na ushee, sululu, makoleo, tindo, jenereta, unga, masufuria ya mama lishe, kuku. Ndani hapana pa konda, kwa hiyo anarudi mlangoni kwake, mguu mmoja kikanyagioni, mkono ukingoni. Barabara ya huko haijawahi kuona greda. Tajiri anadai hesabu ya leo, rola haidai chochote. Mlango unashuka kidole kimoja, na cha pili hakichelewi.

Wapo watakaoniuliza habari za mlango uliofunguka wenyewe kwenye kona, na za mtu aliyekuwa ameuegemea. Hilo sijalipatia jibu, na insha ya sifa hailazimiki kulijibu. Rola ni kitu kidogo, huuzwa kwenye maduka ya spea Kahama na Geita, na fundi mwenye jeki na ubao hamalizi nayo siku nzima. Lakini gari likilala siku, na hesabu imelala, kwa hiyo tutaendelea kupanda hivi hivi. Siti ya mlangoni ikibaki peke yake, kaa, ila usiegemee.