Jinsi ya Kuwa Mfanyabiashara wa Kimataifa Bila Kuhama Mirongo

Tiketi ya Guangzhou iache kwanza. Suti pia iache kwenye kabati, na kadi za jina usizichapishe bado. Toka Mirongo, hapa Mwanza, asubuhi, panda daladala ya Kirumba, shuka kwenye soko la Mwaloni na usimame pale malori yanapopakiwa magunia ya dagaa. Uliza mzigo huu unakwenda wapi, na ule pale. Utatajiwa Burundi, Rwanda, Kenya, Uganda na Congo. Wale akina mama waliokaa kando ya magunia, kanga kiunoni na daftari mkononi, wanauza nje ya nchi tangu wewe hujazaliwa. Waamkie kwa adabu, kisha tafuta kigoda. Darasa limeanza.

Somo lenyewe ni chanja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo usimwahidi mteja wa Bujumbura mzigo wiki hiyo hata akikubembeleza. Kukipambazuka samaki huanikwa, na hapo ndipo bei inapoamuliwa. Anayewamwaga mchangani atakusanya dagaa wenye mchanga, na wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku. Anayewatandaza juu ya chanja, hewa ikapita juu na chini, atapata dagaa wakavu, safi, wanaong'aa, wa kuliwa na binadamu na wa kuvumilia siku nyingi ndani ya lori. Ziwa walilotoka ni moja, na jua ni moja. Kilichowatenganisha ni miti michache na kipande cha wavu. Wataalamu huita hilo kuongeza thamani, wakakodi na ukumbi wa hoteli kukufundisha. Mimi nasema pesa ya ukumbi inunue miti.

Ukihitimu dagaa, nenda kwa sangara ujifunze kwamba mnunuzi wa mbali anaweza kukufungia mlango bila kukuona. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilitegemea sana soko hilo, na aliyeumia wa kwanza ni mvuvi asiyejua hata Brussels iko upande gani. Soko lilifunguliwa baada ya nchi za ziwa kuonyesha kwamba samaki wao wanapimwa. Kwa upande wetu, maabara ya uvuvi ya Nyegezi ni sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo unapobeba barafu kwenye mtumbwi usione umebeba uzito bure. Barafu ni sehemu ya bei.

Halafu fungua tumbo la huyo sangara. Mabondo yake zamani yalitupwa. Leo Wachina wanayataka, na kilo moja ya bondo kavu inaishinda kilo ya minofu kwa mbali sana. Kabla hujatupa kitu chochote, uliza kuna nani duniani anakitamani. Minofu nayo hupanda ndege, na jirani zetu wakabaki na mapanki ya kukaanga, yaani kichwa na mifupa. Hesabu hiyo hainipendezi. Kuuza nje ni kuzuri sana, lakini mji unaovua samaki unastahili kumla akiwa na nyama.

Makaratasi sasa, maana hapa wengi hukimbilia njia ya panya. Usiende huko. Njia ya panya ina ushuru wake: utamlipa wa kukuvusha, utamlipa wa kunyamaza, na siku mzigo ukikamatwa umepoteza mtaji wote, wala huna risiti ya kudai chochote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005, na imemtengenezea mfanyabiashara mdogo utaratibu wake: mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, unapewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, nao hautozwi ushuru wa forodha. Usichanganye, mamangu: vibali vya afya na ada nyingine vinaweza kubaki. Uliza ofisi ya forodha kabla ya kupakia, iwe unapitia Mutukula, Rusumo, Kabanga au Sirari. Swali halina ushuru.

Ukirudi mjini pitia Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Shika shati la pamba uliangalie vizuri. Usukuma inalima pamba tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1955 wakulima wake, Paul Bomani akiwa mbele, waliunganisha vyama vyao katika Victoria Federation of Co-operative Unions ili wasipunjwe na wanunuzi. Lakini hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka ikiwa marobota, ikafumwe na kushonwa kwingine, nasi tunapokea mashati yaliyokwisha kuvaliwa. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya kuuza kwake bila ushuru. Wengine wakalegeza, Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Laiti tungesimama wote pamoja! Nchi moja ikibaki peke yake mezani inapangiwa bei, sawa na mkulima wa kabla ya ushirika.

Kilichobaki ni daftari. Andika bei ya dagaa, magunia, wapakiaji, lori, ada za mpakani, na faranga zitakazopungua thamani kabla hujazibadilisha. Ukikuta faida, usishangilie. Ongeza siku mbili za lori kuharibika njiani, kisha jumlisha upya. Ikiwa bado imo, piga simu Bujumbura uulize dagaa wanauzwaje leo, kabla hujakubali bei ya dalali pale Mwaloni.